Moja Si Pekee: Papa Bonifasi VIII, Mfalme Philippe IV na Hati ya Mwaka 1302

Tarehe 18 Novemba 1302 Papa Bonifasi VIII alitoa hati fupi ya Kilatini ambayo ukiichapa leo itakula kurasa mbili, tatu ukiachia nafasi. Hati yenyewe haimtaji mfalme yeyote. Ufaransa haimo, kodi haimo, na askofu aliyekamatwa na watu wa mfalme, ambaye ndiye aliyekoleza moto wote huu, naye hayumo. Lakini kila aliyeisoma Paris alijua anayesemwa ni nani. Ilikuwa kama kanga ya jirani: maandishi hayataji mtu, mlengwa anajijua.

Hati hiyo huitwa kwa maneno yake mawili ya kwanza, Unam Sanctam. Moja, takatifu. Mkatoliki yeyote anayesali Nasadiki kila Jumapili atayatambua mara moja, maana ndiyo hayohayo: Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Nimeyatamka tangu utotoni bila kujiuliza lolote. Nilipoisoma hati nzima ukubwani ndipo nilipokwama, na nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa.

Neno unus la Kilatini hubeba mizigo miwili. Laweza kumaanisha kitu kilichoungana, kisichogawanyika. Laweza pia kumaanisha kitu kisicho na mwenzake. Kilatini kina unicus kwa maana hii ya pili, lakini unus likitaka hubeba yote. Sisi tumeyatenganisha, tuna umoja na tuna upekee. Ndugu saba waliokaa pamoja wana umoja. Mtoto wa pekee hana ndugu. Ukisema ukoo wetu ni mmoja, hujasema kwamba duniani hakuna ukoo mwingine. Madai yangu katika uchambuzi huu ni kwamba Bonifasi alianza na umoja akaishia na upekee, na daraja alilovukia halionekani kwa sababu neno halikubadilika. Mfalme na wanasheria wake waliliona. Walimjibu kwa swali ambalo kila mwenye kudai upekee hana budi kulijibu: pekee ndani ya nini?

Kwanza tumjue mwenyewe. Benedetto Caetani alizaliwa Anagni, mji wa mlimani kusini mashariki ya Roma, katika ukoo wa wenye ardhi waliokuwa wanapanda. Alikuwa mwanasheria wa Kanisa hadi kwenye uboho. Alichaguliwa kuwa Papa Desemba 1294 mjini Napoli, siku 11 baada ya mtangulizi wake Selestini V kujiuzulu. Selestini alikuwa mtawa wa pangoni, mzee asiyeijua wala kuitaka siasa, na Caetani ni miongoni mwa waliomhakikishia kuwa sheria inamruhusu kuondoka. Kisha Caetani akavaa viatu vyake, na mzee akawekwa chini ya ulinzi katika ngome ya Fumone, alikofariki Mei 1296. Maadui wa Bonifasi hawakuacha kamwe kuuliza: Papa anaweza kujiuzulu? Kama hawezi, basi wakati Selestini yu hai palikuwa na Papa gani? Kwa hiyo tangu siku ya kwanza upekee wake ulikuwa na doa. Waliolipigia kelele zaidi ni ukoo wa Colonna, mahasimu wa Caetani, waliokuwa na makardinali wawili. Mwaka 1297 mmoja wa ukoo huo alipora njiani msafara uliobeba hazina ya Papa. Bonifasi akawavua makardinali wale wawili vyeo, kisha akaubomoa mji wao wa Palestrina. Usimsahau mtu wa ukoo huo aitwaye Sciarra.

Ugomvi na Ufaransa ulianza kwa pesa. Philippe IV, ambaye Wafaransa walimwita Mzuri kwa sura yake, alikuwa vitani na Edward I wa Uingereza, na wote wawili walikuwa wanawatoza mapadre na monasteri kodi ya vita. Februari 1296 Bonifasi alipiga marufuku: hakuna kiongozi wa dunia kutoza mali ya Kanisa bila idhini ya Papa, na mtoaji na mpokeaji wote watatengwa. Edward aliwajibu makasisi wake waliogoma kwa kuwaondolea ulinzi wa sheria, yaani yeyote angeweza kuwaibia wasipate pa kushtaki. Philippe alikuwa mtulivu zaidi, na hatari zaidi. Agosti 1296 alikataza dhahabu, fedha, sarafu, farasi na silaha kutoka nje ya ufalme wake. Hakutaja Roma. Ila mapato ya Papa kutoka parokia za Ufaransa yalikuwa dhahabu na fedha, na sasa hayatoki. Mwaka haukuisha Bonifasi akalegea. Julai 1297 alikubali kwamba panapotokea dharura mfalme anaweza kutoza bila kuuliza, na kwamba mfalme mwenyewe ndiye wa kuamua kama ni dharura. Mwezi uliofuata akamtangaza Louis IX, babu yake Philippe, kuwa mtakatifu. Hapo wote wawili walijifunza kitu, lakini Philippe alijifunza kilicho sahihi.

Kilichomrudishia Bonifasi kiburi, kwa maoni yangu, ni mwaka 1300. Alitangaza Jubilei ya kwanza: atakayezuru makanisa ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo mjini Roma na kutubu atapata msamaha kamili wa adhabu za dhambi zake. Watu walifurika. Mwandishi mmoja wa mji wa Asti aliyekuwepo anasimulia alivyowaona makasisi wawili wamesimama usiku na mchana kando ya altare ya Mtakatifu Paulo, mikononi wameshika reki, wanakokota sarafu za mahujaji. Nyingi zilikuwa sarafu ndogo za maskini. Mtu akitazama umati kama ule kutoka dirishani, ni rahisi kuamini kwamba dunia nzima ni zizi moja na yeye ndiye mchungaji.

Halafu ukaja mkasa wa bundi. Bernard Saisset alikuwa askofu wa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, jimbo ambalo Bonifasi mwenyewe alilianzisha mwaka 1295. Alikuwa rafiki wa Papa, na mdomo wake haukuwa na kizuizi. Alishtakiwa kwamba alisema mfalme ni kama bundi: ndege mzuri kuliko wote wa kutazama, lakini hafai kwa lolote, naye mfalme hajui kingine ila kumkodolea mtu macho. (Kwetu bundi hana sifa hata ya uzuri, akilia paani watu wanaulizana nani mgonjwa. Kwa hiyo hesabu Saisset alikuwa mpole.) Mwaka 1301 watu wa mfalme walimvamia usiku, wakachukua mali zake na kuwatesa watumishi wake ili wapate ushahidi, na Oktoba akapelekwa Senlis kujibu mashtaka ya uhaini.

Hapa nisimwonee Bonifasi. Sheria ya Kanisa ilisema askofu huhukumiwa na Papa, na ukiondoa majivuno yote ya pande mbili, swali lililobaki lilikuwa zito: mfalme akimtuma askari usiku kwa mtu aliyemtukana, yule mtu akalalamike wapi? Ndani ya Ufaransa hapakuwa na mlango wa kugonga. Papa alikuwa ndio mlango pekee. Anayecheka madai ya Bonifasi akumbuke watumishi wa Saisset.

Desemba 1301 Bonifasi akamwandikia Philippe barua ndefu inayoanza, "Sikiliza, mwanangu." Akamwonya asidanganywe na yeyote kwamba hana mkubwa juu yake, akamhesabia makosa yake moja moja, hadi la kuchezea thamani ya sarafu. Akawaita maaskofu wa Ufaransa waje Roma Novemba 1302 kuzungumzia namna ufalme unavyoendeshwa. Soma tena hilo la mwisho. Baraza la kujadili utawala wa Ufaransa, linafanyika Roma, mfalme wa Ufaransa ni ajenda.

Barua hiyo Wafaransa wengi hawakuiona. Walichoona ni muhtasari ulioghushiwa na watu wa Pierre Flote, mwanasheria mkuu wa mfalme. Barua ya kurasa nyingi ilikunjwa ikawa sentensi chache kavu, mojawapo ikiwa: tunataka ujue kwamba uko chini yetu katika mambo ya roho na ya dunia. Likatungwa na jibu la kejeli. Badala ya "Utakatifu wako" likaanza hivi: "Upumbavu wako mkuu na ujue kwamba katika mambo ya dunia sisi hatuko chini ya mtu." Haielekei kwamba jibu hilo lilifika Roma, lilikuwa la kusomewa watu wa nyumbani. Tarehe 10 Aprili 1302 mfalme akawakusanya makasisi, makabaila na wawakilishi wa miji katika kanisa la Notre-Dame, Paris, mkutano ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa baraza la kwanza la matabaka matatu ya Ufaransa. Flote akasimama akawauliza: ufalme huu mmeushika kutoka kwa nani, kwa Mungu au kwa Papa?

Bonifasi alipozipata habari alipandwa na hasira ya msomi aliyenukuliwa vibaya. Juni 1302, mbele ya makardinali, alisema maneno ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa hiki. Miaka 40 tumebobea katika sheria, alisema, na tunajua kwamba ziko mamlaka mbili zilizowekwa na Mungu. Nani basi aamini kwamba upumbavu wa namna hiyo uko kichwani mwetu? Hatutaki kunyakua mamlaka ya mfalme. Ila mfalme, kama Mkristo yeyote, hawezi kukana kwamba yuko chini yetu kwa sababu ya dhambi. Kisha akaharibu kila kitu kwa kuongeza kwamba watangulizi wake waliwavua wafalme watatu wa Ufaransa, na kwamba yeye, japo kwa uchungu, angemwondoa huyu kama boi.

Mamlaka mbili. Ilikuwa Juni. Tarehe 11 Julai jeshi la Ufaransa lilichinjwa Courtrai na wafumaji na mafundi wa Flanders waliopigana kwa miguu, wakakusanya mamia ya spua za dhahabu, vile vyuma vya kisiginoni vya kumchochea farasi, za makabaila na kuzitundika kanisani. Flote alikufa papo hapo. Roma iliona mkono wa Mungu. Novemba, karibu nusu ya maaskofu wa Ufaransa walikaidi katazo la mfalme wakaenda Roma. Baraza halikuamua la maana. Hati ndiyo iliyobaki, na ndani yake mbili za Juni zikawa moja.

Tuiangalie kwa karibu, maana imeandikwa na mtu hodari. Inaanza na hua wa Wimbo Ulio Bora, yule aliye mmoja tu kwa mama yake, mteule. Tayari umoja na upekee wamelala kitanda kimoja. Inaendelea na safina ya Nuhu: wakati wa gharika palikuwa na safina moja, na nahodha mmoja, na vyote vilivyokuwa nje yake viliangamia. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa, anajua kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Inafuata kanzu ya Kristo, ile isiyokuwa na mshono, ambayo askari hawakuirarua bali waliipigia kura. Halafu ndipo linapokuja lile lililokusudiwa: Kanisa hilo moja lina mwili mmoja na kichwa kimoja, si vichwa viwili kama dubwana. Kichwa ni Kristo, na wakili wa Kristo ni Petro, na mrithi wa Petro.

Hebu simama hapo. Kutoka "mwili mmoja" kwenda "kichwa kimoja" ni hatua fupi, nani atabisha? Kutoka "kichwa kimoja cha Kanisa" kwenda "hakuna kichwa kingine chochote duniani ambacho hakiko chini yake" ni safari, na hati inaifanya kwa pumzi ileile. Inaingia kwenye panga mbili. Katika Injili ya Luka wanafunzi wanamwambia Bwana, tazama, hapa pana panga mbili, naye, kwa Kiswahili chetu, anawajibu, "Basi." Bonifasi anasema: hakusema zimezidi, alisema zinatosha, kwa hiyo panga zote mbili ni za Kanisa, wa roho unashikwa na padre, wa chuma unashikwa na mfalme lakini kwa ridhaa ya padre. Nakiri kila nikilisoma neno letu "Basi" nasikia jambo tofauti kabisa, namsikia mtu aliyechoka akisema yaishe haya. Lakini mimi sikusomea sheria Bologna.

Anayekataa mpango huu, hati inasema, anaamini mianzo miwili kama wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba wema na ubaya kila kimoja kina mwanzo wake, na Musa aliandika "Hapo mwanzo", hakuandika "hapo mianzo". Mtu wa roho huhukumu yote wala yeye hahukumiwi na mtu. Na sentensi ya mwisho, yenye vitenzi vinne mfululizo kama hati ya mauziano ya kiwanja: tunatangaza, tunasema, tunabainisha na kutamka kwamba kila kiumbe cha kibinadamu kuwa chini ya Papa wa Roma ni jambo la lazima kabisa kwa wokovu.

Kila kiumbe. Si kila Mkatoliki, si kila Mlatini.

Kuna jambo hunichekesha. Hati hii inayosifu kanzu isiyo na mshono imejaa mishono. Panga mbili alizipata kwa Bernard wa Clairvaux wa karne ya 12. Hoja kwamba mamlaka ya roho ndiyo inayoisimika ya dunia ni ya Hugh wa Saint-Victor. Sentensi ile ya mwisho, ile kali kuliko zote, inafuata maneno ya Thomas Aquinas, ambaye alikuwa anabishana na Wakristo Wagiriki wa Mashariki wala hakuwa na mfalme yeyote akilini. Tangazo kubwa kuliko yote la upekee wa Papa limeunganishwa kwa vitambaa vya wengine. Silisemi hilo kumdharau, mwanasheria hufanya kazi hivyo. Ila lilimfanya asione kwamba vitambaa vilikatwa kwa nguo tofauti.

Sasa lile swali. Wanahisabati wakitaka kuthibitisha kwamba jibu ni la pekee hufanya kazi mbili: kwanza waonyeshe kwamba jibu lipo, pili waonyeshe kwamba halina mwenzake. Na kabla ya zote mbili wanataja wanatafuta ndani ya kundi gani. Namba ipi ukiizidisha kwa yenyewe unapata 4? Ukibaki kwenye namba chanya, ni 2 pekee. Ukifungua mlango wa namba hasi, -2 anaingia na upekee umekwisha, ingawa 2 hakubadilika hata kidogo. Kima punju ni wa pekee kwa sababu kwa asili hapatikani kwingine ila Zanzibar, upekee wake ni wa mahali. Namba yangu ya NIDA yenye tarakimu 20 ni ya pekee Tanzania. Hakuna aliyeniahidi chochote kuhusu vitambulisho vya nchi nyingine. Upekee usiotajiwa uzio ni maneno tu.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, tunasema. Ndiyo hoja yote ya Bonifasi, na ni ya kweli. Wanasheria wa Philippe hawakuikataa hata kidogo, bali walijenga zizi la pili. Kanuni yao, iliyokuwa ikizunguka kwenye vyuo vya sheria tangu karne ya 13, ilikuwa kwamba mfalme ndani ya ufalme wake ni kaisari. Angalia yale maneno "ndani ya ufalme wake". Yeye naye anadai upekee, tena mkali: hakuna kichwa kingine. Ila ametaja uzio.

Aliyeisema vizuri zaidi ni mtawa Mdominiko wa Paris, Jean Quidort, aliyeandika wakati uleule wa ugomvi. Aliona kwamba imani inaweza kuwa na kiongozi mmoja dunia nzima bila utawala wa dunia kuwa naye, na sababu moja aliyoitoa ni ya mtu aliyewahi kutembea kwa miguu. Mamlaka ya roho hufanya kazi kwa neno, na neno hufika mbali kirahisi. Mamlaka ya dunia hufanya kazi kwa mkono, na mkono una urefu wake. Kumtenga mtu aliye maili elfu unaweza kwa barua. Kumkamata mwizi aliye maili elfu huwezi. Basi umoja wa Kanisa ni jambo moja, na hauzai mtawala mmoja wa dunia.

Bahati mbaya kwa Bonifasi, mkono wa Philippe ulikuwa mrefu kuliko Jean alivyodhani.

Nafasi ya Flote ilikamatwa na Guillaume de Nogaret, aliyewahi kufundisha sheria Montpellier. Machi 1303 alimshtaki Papa mbele ya mfalme pale Louvre: si Papa halali, ni mzushi, aitiwe baraza kuu. Juni mwenzake Guillaume de Plaisians akasoma orodha ya mashtaka 29, pamoja na kwamba Papa anafuga jini lake na kwamba haamini roho inaishi baada ya kifo. Naona ni fundisho la kisiasa la aina yake: mtu akishajitangaza kwamba hahukumiwi na yeyote, njia ya kumhukumu ni kusema kwamba yeye siye. Doa la Selestini likarudi kazini.

Bonifasi alikuwa Anagni, nyumbani, akiandaa hati ya kuwafungulia raia wa Ufaransa kiapo chao kwa mfalme. Ilikuwa itolewe tarehe 8 Septemba 1303. Alfajiri ya tarehe 7 milango ya mji ilifunguliwa kutoka ndani, wakaingia Nogaret na Sciarra Colonna na mamia ya wapanda farasi na askari wa miguu. Mwingereza mmoja aliyekuwa mjini kwa shughuli za kikanisa aliandika barua iliyobaki hadi leo. Washambuliaji waliyachoma moto malango ya kanisa kuu ili wapite kufika ikulu ya Papa. Wakamtaka arudishe Wacolonna, ajiuzulu, ajisalimishe. Akakataa. Sciarra alipotaka kumuua, mzee yule wa takriban miaka 70 alirudia kwa Kiitaliano cha mtaani: shingo hii hapa, kichwa hiki hapa. Kofi maarufu ambalo wenyeji wanasimulia kwamba alipigwa halimo katika barua ile. Imo hazina, iliyobebwa kwa wingi hata mwandishi akasema wafalme wote wa dunia wasingeweza kutoa kiasi kile kwa mwaka.

Nogaret alitaka kumburura mbele ya baraza, Sciarra alitaka maiti, na katika kubishana siku zikapita. Jumatatu tarehe 9 watu wa Anagni waliamka wakawatimua. Papa akatolewa nje uwanjani, akiwa hajala. Wanawake wakaja na mikate, divai na maji. Na hapa yule Mwingereza ana sentensi moja ambayo singeibadilisha na hati zote za karne ile: wakati huo kila aliyetaka aliingia akazungumza na Papa kama unavyozungumza na maskini mwingine yeyote.

Alirudishwa Roma, akafa Oktoba.

Yaliyofuata ni ya mahakamani zaidi, na mahakamani ndiko Philippe alikostarehe. Klementi V, Mfaransa wa Gascony aliyechaguliwa mwaka 1305, hakuwahi kukanyaga Roma akiwa Papa. Tarehe 1 Februari 1306 alitoa hati akitangaza kwamba Unam Sanctam haiuletei ufalme wa Ufaransa utumwa wowote mpya. Mambo yabaki yalivyokuwa kabla yake. Yaani kila kiumbe cha kibinadamu, isipokuwa hawa. Mwanahisabati angecheka, lakini diplomasia haicheki: hati haikufutwa, ila iliwekewa uzio baada ya tukio. Mwaka 1310 Philippe aliilazimisha kesi dhidi ya marehemu Bonifasi ianze kweli, na mashahidi wakaja. Huku Wana-Hekalu wa Ufaransa, shirika la watawa wapiganaji lililokuwa chini ya Papa, wakiwa gerezani tangu Oktoba 1307, Klementi alikuwa na mengi ya kuokoa kwa kubadilishana. Aprili 1311 kesi ikazimwa. Kwa bei yake Klementi alikiri kwamba mfalme alitenda kwa nia njema, na akaagiza matamko ya Bonifasi dhidi ya Ufaransa yakwanguliwe kwenye madaftari ya Papa. Yamehifadhiwa Vatikani, na pale palipokwanguliwa ngozi ya daftari panaonekana.

Makao ya Papa yalikuwa Avignon, mji ulio kusini mwa Ufaransa ya leo, kuanzia 1309. Januari 1377 Gregori XI aliyarudisha Roma, na Machi mwaka uliofuata akafariki. Umati wa Roma ukapiga kelele unataka Papa Mroma au walau Mwitalia, na Aprili 1378 makardinali wakamchagua Urbano VI. Baada ya miezi michache walimchoka kwa ukali wake. Makardinali wa Kifaransa wakaondoka Roma mmoja mmoja kwa kisingizio cha joto, wakakusanyika katika mji wa mlimani wenye hewa nzuri: Anagni. Huko, Agosti 1378, walitangaza kwamba uchaguzi wa Urbano ulifanywa kwa hofu ya umati, hivyo ni batili. Kisha wakasogea Fondi, chini ya ulinzi wa bwana wa mji huo, Onorato Caetani, wa ukoo uleule wa Bonifasi. Tarehe 20 Septemba wakamchagua Papa mwingine. Urbano hakuondoka. Miaka 76 ilikuwa imepita tangu Caetani mmoja aandike kwamba mwili wenye vichwa viwili ni dubwana, na sasa kichwa cha pili kilikuwa kimetoka nyumbani kwao.